Kabla Hujang'oa Dramu za Nyuma

Ndugu mwenyekiti, wazee wa gereji, madereva mnaoshusha mboga kutoka Lushoto, na ninyi vijana wa VETA, chuo cha ufundi, mliokuja na madaftari, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kualikwa. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo siku hizi kila gereji inaletewa. Mteja anaingia na pikapu yake, mara nyingi Hilux, anashuka na kusema, "Fundi, ng'oa hizi dramu za nyuma, nifungie diski." Dramu ni breki iliyofunikwa: shuu mbili ndani yake zinatanuka kubana ukuta wa kopo linalozunguka na gurudumu. Diski ni sahani iliyo wazi, inabanwa na pedi pande mbili. Mteja ameona kwenye simu jamaa wa Australia au Marekani kafunga, gari likikanyagwa linasimama palepale. Hela anayo. Anataka gari lake leo jioni.

Nawapa msimamo wangu mapema, ili anayetaka kwenda kunywa chai aende akiujua. Kazi hii inawezekana, na ikifanywa sawasawa ni kazi nzuri. Ila pikapu nyingi zinazoletwa kwa ajili hiyo zinachodai ni dramu zao zitengenezwe. Zile chache zinazostahili diski, fundi asiumize kichwa sana na diski yenyewe. Kichwa kiumie kwenye hendibreki, na kwenye mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Basi nianze na jiwe. Panda nyuma ya pikapu yoyote inayofanya njia ya Mombo, Soni mpaka Lushoto, utalikuta limelala kwenye kona ya bodi. Hilo ndilo hendibreki. Gari likisimama mlimani, kijana anaruka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, ndipo dereva anaachia pedeli. Tumelizoea hata tunacheka. Lakini sikilizeni lile jiwe linafanya nini ndani ya dramu.

Kwenye dramu nyingi za Toyota, mkono unaovutwa na waya wa hendibreki ndio huohuo unaosukuma kirekebishaji, ile nyota yenye meno. Shuu zikilika kidogo, ukivuta hendibreki nyota inaruka jino, shuu zinasogea karibu na dramu. Unasikia kabisa ile "tak, tak" ukivuta mara kadhaa, na zikishakaa sawa mlio unakoma. Sasa waya umeingia maji, umeota kutu, umegoma. Mwenye gari badala ya kununua waya ameokota jiwe. Tangu siku hiyo nyota haijazunguka. Shuu zinalika, nafasi inapanuka, pedeli inateremka taratibu mpaka dereva anakanyaga mara mbili ndipo breki ishike. Mwaka ukipita anakuja kwako kukwambia dramu ni mambo ya kizamani.

Kuhusu uzamani, kwa taarifa yenu dramu na diski ni rika moja. Louis Renault wa Ufaransa na dramu yake, Frederick Lanchester wa Uingereza na hataza yake ya diski, wote ni mwaka 1902. Diski ilichelewa kwa sababu hapakuwa na pedi za kufaa, na ilipata jina hasa baada ya Jaguar kushinda mbio za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop. Nayo Toyota, ambayo haikosi wahandisi, iliendelea kuifunga pikapu yake ya Tacoma dramu za nyuma mpaka toleo la mwaka 2023. Volkswagen ilipotoa gari lake la umeme la ID.3, nyuma iliweka dramu kwa makusudi, maana mota ya umeme inapunguza mwendo yenyewe na breki ya nyuma haitumiki sana. Diski isiyotumika sana huota kutu, dramu imejifunika. Kwa hiyo mteja akikwambia dramu ni ushamba, mwache amalize, halafu mfungulie tairi.

Ukishafungua, tazama mambo haya kabla hujataja bei. Ukutani mwa dramu kuna namba imepigwa, kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Dramu ya milimita 295 kikomo chake ni 297. Ikishapita hapo usiipeleke kwa mchongaji wa vyuma aisafishe, itupe. Lainingi, ile ngozi ya msuguano juu ya shuu, ikikaribia milimita moja imekwisha. Inua ukingo wa mpira wa wili silinda, ile inayozisukuma shuu, kwa bisibisi ndogo: ndani pakiwa pamelowa, imeshaanza kuvuja hata kama nje pamekauka. Halafu angalia kirekebishaji cha kushoto kipo kushoto kweli. Uzi wa kushoto na wa kulia unazunguka kinyume, na nimeona mara nyingi vimebadilishwa pande na fundi aliyefungua magurudumu yote mawili kwa pamoja akachanganya vitu kwenye karai moja. Kikiwa upande usio wake, kila kinapozunguka kinalegeza badala ya kubana. Vijana, fungua upande mmoja, ule mwingine ubaki mzima uwe kielelezo chako.

Na nusa. Oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, ina harufu yake. Sili ya shafti, mpira unaoizuia oili hiyo isitoke, ikivuja, ile oili inaingia kwenye lainingi na hakuna petroli itakayoitoa. Nalitaja hili kwa sababu nimekuta magari yamefungwa diski mpya juu ya sili ileile inayovuja. Umezihamishia pedi shida ya shuu, na umelipwa.

Kuna jambo lingine hapo chini ambalo karibu kila gereji inalichezea. Pikapu nyingi zina vali imekaa kwenye chasisi, ina fimbo inayokwenda kushikana na ekseli. Gari likiwa tupu, mkia uko juu, vali inapunguza nguvu ya breki ya nyuma ili tairi zisiburuzike. Ukipakia kabichi, mkia unashuka, fimbo inasogea, vali inaruhusu nguvu zaidi. Sasa mwenye gari ameongeza majani mawili ya springi ili abebe zaidi. Mkia hauteremki tena. Vali inaamini gari ni tupu siku zote, hata likiwa na tani nzima mgongoni. Breki ya nyuma inafanya kazi nusu. Wengine wameifunga fimbo kwa waya, wengine wameipita kabisa kwa paipu. Rudisha fimbo kwenye kipimo chake kwanza, kisha jaribu gari. Wateja wengi wa diski nimewapoteza hapo, wakaondoka na bili ya sili, waya wa hendibreki na shuu, wakasema breki zimekuwa kama za gari jipya.

Sasa tuje kwa wale ambao dramu imewashinda kwa haki, maana wapo.

Adui wa kwanza ni joto. Kutoka Lushoto mpaka Mombo unateremka kama mita elfu moja. Gari lenye mzigo, tuseme tani 2.5 kwa jumla, likishuka hapo linaachia nguvu ambayo ingetosha kuchemsha karibu ndoo nne za maji za lita 20. Sehemu yake inamezwa na injini kama dereva yuko kwenye gia, sehemu na upepo na msuguano wa tairi. Inayobaki yote inakwenda kwenye breki. Dramu ikipata joto inatanuka, na kutanuka kwake ni kuzikimbia shuu: pedeli inazidi kushuka wakati ndipo unapoihitaji. Diski ikitanuka inazisogelea pedi, na ipo wazi, upepo unaipoza. Tofauti hiyo ni ya kweli na kwenye mteremko dereva anaisikia mguuni.

Lakini hata diski haimwokoi dereva anayeshuka na gia ya tano. Na haiyaokoi mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzijoto 205. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kikomo chake ni 140. DOT 4 ni 230, yakishanyonya ni 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanika, mguu unakwenda mpaka chini bila kitu. Pikapu ambayo mafuta yake ya breki hayajabadilishwa tangu iteremke bandarini, badilisha hayo kabla ya kuuza diski. Na yule anayeongezea oili ya injini au maji ya sabuni kwa sababu duka limefungwa, ajue oili inavimbisha mipira yote, kuanzia masta silinda, pampu inayosukumwa na pedeli, mpaka nyuma, na maji yanachemka kwenye 100. Hapo anayelala njiani si yeye fundi.

Adui wa pili ni maji na tope. Gari la shamba la mpunga, gari linalovuka mto kila siku, dramu zake zinageuka bakuli. Maji yanaingia, mchanga unabaki ndani unasaga lainingi na dramu kwa pamoja. Diski inajifuta ikizunguka mara chache. Mwenye gari la namna hiyo akiomba diski namsikiliza. Vilevile aliyebadilisha injini akaweka kubwa, aliyefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, na anayekokota tela.

Ngoja niseme neno kuhusu wale jamaa wa kwenye simu. Pikapu ya Marekani mara nyingi inatembea tupu. Ikipiga breki, uzito mwingi unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na diski ya nyuma inaongeza kidogo tu. Ya kwetu ikishuka haijui kutembea tupu. Ikiwa na viazi mpaka juu ya kamba, ekseli ya nyuma ina kazi nyingi ya kufanya. Kwa hiyo faida ya breki nzuri ya nyuma kwetu ni kubwa kuliko kwao. Hatari nayo ni kubwa kuliko kwao, kwa sababu gari hilohilo jioni linapanda tupu, mvua imenyesha, na breki uliyoipimia mzigo inaweza kuziburuza tairi za nyuma. Tairi za nyuma zikifunga, yaani zikiacha kuzunguka, kabla ya za mbele, mkia unataka kupita mbele. Dereva hana muda wa kufanya chochote.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Dramu ina hila yake: shuu ya mbele inavutwa na mzunguko wa dramu yenyewe, inajikaza. Unakanyaga kidogo, unapata kikubwa. Diski haina msaada huo, inategemea ukubwa wa pistoni. Wili silinda ya nyuma ya Hilux ina pistoni za milimita 20 hivi. Pistoni ya kalipa ya nyuma, kishikio kinachobana pedi kwenye diski, inaweza kuwa 40 au zaidi, na kipenyo kikiwa mara mbili eneo ni mara nne. Hata ukikumbuka kwamba wili silinda ina pistoni mbili, bado kalipa inadai mafuta mengi zaidi kwa kila milimita inayosogea. Masta silinda ikiwa ndogo, pedeli inakuwa ndefu. Ukiweka masta kubwa, pedeli inakuwa fupi lakini ngumu. Msibadilishe masta kwa kubahatisha; jaribuni kwanza ile ya zamani, toeni upepo kwenye paipu za breki vizuri, ndipo mwamue.

Baadhi ya masta za zamani za magari ya dramu zina kivali kidogo kinachobakiza shinikizo kwenye paipu ya nyuma ili mipira ya wili silinda isilegee. Kwenye kalipa shinikizo hilo linazifanya pedi zikwaruze diski muda wote. Gari linakuwa zito, rimu linaungua mkono. Ukikuta hivyo baada ya kufunga, usianze kulaumu pedi.

Kalipa itoke wapi? Marekani watu waliofunga diski kwenye pikapu za zamani za Toyota walipenda kalipa za mbele za magari ya General Motors, kwa sababu zilijaa kila mahali na zilikuwa rahisi. Pistoni yake inazidi milimita 60, na haina hendibreki kabisa. Wengine wakatafuta kalipa za nyuma za Cadillac Eldorado za miaka ya 1970, zenye mkono wa hendibreki ndani yake. Na unajua ziliwasumbua wapi? Zinajirekebisha kwa kuvutwa hendibreki. Asiyeivuta, pistoni inabaki nyuma, pedeli inashuka. Jiwe lile la Soni lingezimaliza hizo pia.

Kwetu sisi spea ziko kwenye Toyota Prado zilizokatwa kuuzwa vipande. Diski ya nyuma ya Prado ina dramu ndogo ndani ya kofia yake, na ndani mna shuu ndogo za hendibreki peke yake, zinavutwa kwa waya. Huo ndio mpangilio ninaoupenda: breki ya mguu ni diski, breki ya kuegesha ni dramu, hakuna inayomwingilia mwenzake. Chukua vyote kutoka gari moja: bamba la nyuma lenye shuu, diski, kalipa, na breketi ya kalipa. Hilux ya 4x4 na Prado zote zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika. Bolti kuingia si kipimo. Pima kipenyo cha uso wa shafti, pima kina cha kofia ya diski, pima diski inakaa umbali gani kutoka mwisho wa ekseli, kisha weka rimu uone kama kalipa inagusa. Rimu la inchi 15 linaweza kukataa pale la 16 linapokubali.

Kama gari halina breketi inayolingana, utachonga bamba la kati. Hapa siwaruhusu haraka. Nguvu yote ya kusimamisha gurudumu inapita kwenye bamba hilo na bolti zake mbili. Bamba lichongwe kwa mashine, matundu yatobolewe, si kukatwa kwa gesi. Breketi ya kiwandani ni chuma cha kusubu. Usiichomelee hata nukta. Bolti ziwe za daraja la nguvu 10.9, namba imeandikwa kichwani mwake, isomeni. Kalipa ikae katikati ya diski, na diski ikizunguka isiyumbe: weka geji ya mshale, ikicheza zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita tafuta kutu au uchafu kwenye uso wa shafti kabla hujalaumu diski.

Kwenye Hilux lile bamba la nyuma halitoki mpaka shafti itoke, na beringi imeshindiliwa kwenye shafti pamoja na pete yake. Tafuta presi, mashine ya kushindilia. Anayeipiga beringi nyundo na kuirudisha, atairudia kazi hiyo kwa gharama yake. Pete mpya, sili mpya, kila mara.

Kitu kidogo lakini kinachowatoa jasho watu mpaka usiku: nipoli ya kutolea upepo iwe juu. Kalipa ya kushoto ukiifunga kulia, inaingia vizuri kabisa, ila nipoli inakuwa chini. Utatoa upepo mpaka chupa tatu za mafuta ziishe, na pedeli itabaki sponji, kwa sababu hewa imekaa juu ya pistoni na haina njia. Hozi nayo ipimwe ekseli ikiwa inaning'inia na ikiwa imebanwa juu, isinyooke ikakaza, isiguse tairi. Na paipu ya shaba ya friji, jamani. Najua inakunjika kwa mkono na inapatikana kila duka. Inachoka kwa mtikisiko na inapasuka. Kuna paipu ya breki, nunua hiyo.

Gari lenye ABS, mfumo unaozuia tairi zisifunge, ni habari nyingine. Kompyuta yake imepangiwa breki zile zilizotoka nazo kiwandani, na pete ya sensa iko hapohapo unapofanyia kazi. Mimi nikiletewa Hilux mpya yenye ABS na mwenyewe anataka diski nyuma kwa sababu ya sura, ninakataa. Akipata mwingine wa kumfungia, sawa. Mwenye bima kubwa naye amwambie kampuni yake kabla, maana gari limebadilishwa mfumo wa breki.

Kazi ikiisha, usimpe mtu funguo. Siku hiyo hiyo gari lijaribiwe tupu, uwanja wa wazi, chini kumelowa kidogo, mwendo mdogo kwanza. Mtu asimame pembeni atazame tairi. Za mbele lazima zifunge kwanza. Za nyuma zikitangulia, tafuta kalipa yenye pistoni ndogo, au funga vali ya kupunguza kwenye paipu ya nyuma, peke yake, kamwe si ya mbele. Kisha lipakie mzigo, ujaribu tena. Kisha lipeleke mlimani, livutwe hendibreki, watu wote washuke, mikono juu. Likiteleza hata kidogo kazi haijaisha.

Mzee wa mbele ameniuliza bei. Mzee wangu, siitaji hapa, kwa sababu spea za Prado zinapanda na kushuka kila wiki, na mchongaji wa Tanga hatozi sawa na wa Korogwe. Nachoweza kukwambia ni kwamba ukiweka kando bei ya dramu mpya mbili, shuu, wili silinda, waya na sili, ukalinganisha na diski kamili pamoja na kuchonga na presi, utaelewa kwa nini nimetumia nusu ya hotuba yangu kwenye dramu.

La mwisho ni karatasi. Gari hili litaharibikia Singida au Mbeya, mbele ya fundi ambaye hakuwahi kukuona. Atafungua, atakuta kalipa ya Prado kwenye Hilux, atanunua pedi za Hilux za mbele, hazitaingia, atazikata kwa grainda. Kwa hiyo andika: diski ya gari gani na ya mwaka gani, namba ya pedi, namba ya shuu za hendibreki, aina ya mafuta ya breki, sili na beringi ulizoweka, na namba yako ya simu. Ifunge kwa plastiki uibandike upande wa ndani wa boneti, nakala moja abaki nayo mwenye gari.